Matawi ya ua si chakula cha mbuzi: mimea yenye sumu katika parseli za Bukavu

Bukavu maua yanaota bila kubembelezwa. Kuanzia parseli (viwanja vya nyumba) za Muhumba na Nguba zinazoshuka ziwani hadi nyua finyu za Kadutu na Bagira, utakuta ua wa miti, chungu cha maua barazani, au angalau mparachichi. Katika parseli hizo hizo tunafuga mbwa wa ulinzi, paka, sungura, simbilisi (wengi tunawaita kobayi) na mbuzi mmoja au wawili wa kufungwa kamba.

Mnyama anayetembea huru huchagua anachokula. Mimea mingi yenye sumu ni michungu, kwa hiyo huonja akaacha. Sisi wa huduma ya mifugo tunahofia zaidi panga kuliko maua yaliyosimama. Siku ya salongo, yaani ya kazi ya pamoja ya usafi, ua unapunguzwa, matawi yanatupwa kando ya kibanda, na mbuzi aliyefungwa tangu asubuhi hana kingine mbele yake. Sungura na kobayi wako pabaya zaidi, maana wanakula kile tu kilichoingizwa mlangoni. Tena wanyama hawa wawili hawawezi kutapika: kilichoshuka kimeshuka.

Mmea ninaouogopa kuliko yote ni oleanda, ambao wengi hapa wanaufahamu kwa jina la Kifaransa, laurier-rose. Maua yake ni ya waridi, meupe au mekundu. Utautambua hata usipokuwa na maua: majani ni marefu, membamba, magumu kama ngozi, yenye mshipa mweupe katikati, na mara nyingi matatu huchomoza pamoja kwenye fundo moja la tawi. Sumu yake inashambulia moyo, nayo imo katika kila sehemu: jani, ua, gome, mzizi, hata maji ya chombo ambamo tawi limewekwa. Majani 10 hadi 20 yanaweza kumuua ng'ombe mzima. Hesabu mwenyewe kwa mbuzi. Jani likikauka uchungu hupungua na mnyama hulila kwa urahisi zaidi, ilhali sumu iko pale pale. Kwa hiyo rundo lililokatwa juzi ni baya kuliko mti wenyewe. Usilichome, kwa sababu moshi wake pia unadhuru, na kamwe usichonge kijiti chake kwa ajili ya mishikaki. Chimba shimo, fukia.

Lantana, ile ya vichwa vya maua madogo ya njano, machungwa na waridi, inaharibu ini. Mbuzi, kondoo au ng'ombe aliyeila huacha kula, macho huwa ya manjano, kisha jua linaanza kumuunguza. Ngozi ya pua na masikio huvimba, hupasuka na kubambuka, hasa palipo na manyoya meupe. Watu huliona hilo wakadhani ni upele, wakapaka dawa ya ngozi. Mwondoe juani kwanza, mweke kivulini, halafu mwite veterineri.

Mparachichi unastahili maneno yake, kwa sababu hakuna anayeushuku. Majani, gome na kokwa vina kemikali iitwayo pesini. Kwa mbuzi na sungura wanaonyonyesha, chuchu huvimba na maziwa hukatika. Wakila mengi, msuli wa moyo unaharibika. Aina za mparachichi hazilingani kwa sumu, lakini kwa macho huwezi kuzitofautisha, basi majani yake yasiingie kwenye kibanda kabisa. Na mwenye kasuku asimpe hata nyama ya tunda: ndege wanaweza kufa kwa parachichi.

Mbarika sumu yake kali iko ndani ya mbegu. Mbegu iliyomezwa nzima huweza kupita bila madhara, kwa kuwa ganda lake ni gumu. Iliyotafunwa huleta kutapika na kuhara damu, na dalili zinaweza kuchelewa hata siku 2 au 3. Mti wa maua yanayoning'inia kama tarumbeta, jamaa wa datura, humfanya mbwa ayumbe, mboni zitanuke na mdomo ukauke. Utomvu mweupe wa mnyaa unaunguza macho, ya mnyama na ya anayekata ua. Osha kwa maji safi mengi, dakika 15 bila haraka.

Kwa paka, yungiyungi la kweli (lis kwa Kifaransa, si lile la majini) ndilo hatari kuu. Chavua ikimwangukia manyoyani naye akajilamba, figo zinaweza kufa ndani ya siku 1 hadi 3. Arumu jeupe la harusi na mazishi si yungiyungi la kweli, ingawa hufanana jina midomoni mwa wauzaji. Lenyewe huchoma mdomo na kutoa udenda, na kwa kawaida mnyama hupona.

Wanaotumwa kukata majani ya sungura mara nyingi ni watoto. Wapeleke mwenyewe mara moja, uwaonyeshe kila mmea kwa kidole pale unapoota. Fungu likifika nyumbani, litandazwe chini na lichambuliwe kabla ya kuingia kibandani.

Mnyama akishakula, mtoe kinywani mabaki na umtulize. Aliyekula oleanda asikimbizwe wala kuburutwa. Usimmiminie mawese au maziwa: hayaui sumu, na yakiingia mapafuni yanaleta ugonjwa mwingine. Usimlazimishe kutapika kwa chumvi. Makaa ya jikoni hayashiki nafasi ya makaa maalumu ya dawa aliyonayo veterineri. Mpeleke au mpigie mara moja, bila kungoja dalili, na uchukue tawi la mmea huo ndani ya mfuko, lenye majani na ua kama lipo. Mweleze saa alipokula, kiasi unachokadiria, na uzito wa mnyama.