Dhana potofu kuhusu samoni wa asili na watu wanaowahesabu

Sehemu kubwa ya samoni wanaouzwa duniani ni wa kufugwa, wengi wao wakiwa wamekuzwa ndani ya vizimba vya baharini. Kwa kuwa samaki huyu hakosekani madukani, ni rahisi kuamini kwamba hata mitoni hali yake ni njema. Sivyo. Mwaka 2023 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimhamishia samoni wa Atlantiki kwenye kundi la viumbe walio karibu kutishiwa kutoweka, baada ya tathmini kuonyesha kwamba idadi yake duniani ilipungua kwa asilimia 23 kati ya 2006 na 2020.

Tunayajua haya kwa sababu kuna wanabiolojia wa uwandani wanaofuata samaki mto kwa mto. Kazi yao imezungukwa na dhana nyingi zisizo za kweli. Nyingine hazina madhara, nazo nitazipitia haraka. Nyingine zimegharimu mito mizima.

"Kazi yenyewe ni kuogelea na samaki"

Siku za kuogelea zipo. Mtu huvaa suti ya kuzamia, akajilaza kifudifudi kwenye maji ya baridi kali, akapanda mkondo taratibu akihesabu samaki wachanga waliojibanza nyuma ya mawe. Lakini zaidi ni kupima joto la maji, kubandua magamba machache ya samaki ili umri wake usomwe kwa hadubini, kuosha buti na nyavu kabla ya kwenda mto mwingine ili vimelea visisafirishwe, na kujaza fomu mvua ikinyesha. Msimu ukiisha, samaki wote hao hugeuka kuwa safu za tarakimu kwenye kompyuta, na hapo kazi nyingine inaanza.

"Kuhesabu samaki ni kusimama ukingoni na kutazama"

Hapa ndipo utaalamu ulipo, na ndipo watu wanapoudharau zaidi.

Katika mito ya Bristol Bay, Alaska, ambako maji ni maangavu, wahesabuji hukaa juu ya minara kando ya mto. Kila saa huhesabu samoni wa aina ya Sockeye wanaopita kwa dakika 10 katika kila ukingo, usiku wakitumia taa, kisha idadi hiyo huzidishwa kwa sita ili kupata makadirio ya saa nzima. Maofisa wa uvuvi huitegemea hesabu hiyo kuamua lini nyavu zishushwe na lini zipandishwe. Makadirio yakizidi ukweli, nyavu zitashushwa mapema mno na samaki wa kutosha hawatafika kwenye mazalio. Yakipungua, wavuvi watakaa bandarini huku riziki yao ikipita. Mtu aliye juu ya mnara saa tisa ya usiku amebeba mzigo mzito kuliko anavyoonekana.

Penye maji ya tope mnara haufai, kwa hiyo hutumika sona, ambayo hutoa picha kwa mwangwi wa sauti. Kwenye vijito huwekwa uzio wenye lango, samaki wakapita mmoja mmoja.

Samaki wachanga wanaoshuka kwenda baharini ni mtihani mwingine. Hao hunaswa kwa mtego unaoelea, wenye koni kubwa ya chuma inayozungushwa na mkondo wenyewe. Mtego hushika sehemu ndogo tu ya wanaopita, kwa hiyo idadi iliyonaswa peke yake haina maana. Mwanabiolojia huchukua baadhi ya walionaswa, akawatia alama, akawarudisha juu ya mto na kungoja. Tuseme ametia alama samaki 200 na 20 wakanaswa tena: mtego unashika moja ya kumi. Kama jumla ya walionaswa ni 1,500, waliopita ni kama 15,000. Siku mto ukifurika au maji yakipungua, uwiano huo hubadilika na jaribio hurudiwa. Anayekuletea idadi ya samoni bila kukuambia kiwango cha shaka kilichomo hajamaliza kazi yake.

Baada ya msimu wa kutaga kuna hesabu ya mizoga. Watu hutembea kijitoni, wakikanyaga kwa uangalifu kukwepa changarawe nyeupe iliyofukuliwa, kwa maana chini yake kuna mayai na buti moja linatosha kuyaponda. Kila mzoga hupimwa, kisha hukatwa mkia ili usihesabiwe tena. Jike hupasuliwa tumbo. Likiwa tupu, ametaga. Likiwa limejaa mayai mekundu, amekufa kabla ya kutaga, na lazima aulizwe mtu au mto: kwa nini?

"Sumu ya mtoni hutoka kiwandani"

Swali hilo liliwasumbua wanabiolojia wa jimbo la Washington, Marekani, kwa miaka mingi. Samoni wa aina ya Coho walikuwa wakirudi kwenye vijito vya mijini karibu na Seattle, mvua ikanyesha, na ndani ya saa chache wakaanza kuzunguka juu ya maji wakitweta, kisha wakafa. Majike yalikutwa na matumbo yaliyojaa mayai. Hapakuwa na bomba la kiwanda la kulaumiwa.

Jibu lilitangazwa Desemba 2020. Matairi ya magari huwekewa kemikali iitwayo 6PPD ili mpira usiharibiwe na ozoni hewani. Kemikali hiyo ikikutana na ozoni huzaa nyingine, 6PPD-kwinoni, ambayo mvua huisomba kutoka barabarani pamoja na vumbi la matairi na kuipeleka kijitoni. Coho hufa kwa kiasi kidogo sana cha sumu hiyo, ilhali samoni wa aina ya Chum, ndugu yake wa karibu, huivumilia vizuri. Majaribio yalikwisha kuonyesha kwamba maji ya barabarani yakichujwa kwanza kwenye udongo wenye mboji na mchanga, Coho hawafi. Dawa ya maji hayo ilijulikana kabla ya sumu yenyewe kupatikana, na ilijulikana kwa sababu kuna watu walioendelea kupasua matumbo ya mizoga na kuandika walichokiona.

"Mto mzuri ni mweupe, hauna magogo wala mizoga"

Imani hii iliwahi kuwa sera. Kwa miongo kadhaa ya karne iliyopita, huko Oregon na Washington, vikosi vya wafanyakazi vilitumwa kuondoa magogo mitoni kwa nia njema kabisa, ikiaminika kwamba yanawazibia samoni njia. Mito ikanyooka, maji yakaenda kasi, changarawe ikasombwa, na vidimbwi ambamo samaki wachanga walijificha vikatoweka. Leo serikali na makabila ya asili hulipa fedha nyingi kurudisha magogo yaleyale, mengine yakibebwa kwa helikopta. Mnyama biva, aliyekuwa akifukuzwa kwa kujenga mabwawa yake ya matawi, sasa anaigwa: katika kijito cha Bridge Creek, Oregon, watafiti walichimbia nguzo ili kumsaidia kujenga, na samaki wachanga wakaongezeka.

Mizoga nayo si uchafu. Samoni hupata karibu uzito wake wote baharini, kwa hiyo mwili wake ni shehena ya naitrojeni iliyopandishwa mtoni dhidi ya mkondo. Dubu huiburuta hadi msituni, wadudu huila, na naitrojeni ya baharini imepimwa ndani ya miti iliyoko kando ya mito hiyo. Wadudu hao hao ndio chakula cha vifaranga watakaoibuka kwenye changarawe majira ya kuchipua.

"Samoni wote hufa wakishataga"

Jamii nyingi za Pasifiki hufa, ndiyo. Lakini samoni wa Atlantiki anaweza kurudi baharini na kuja kutaga tena, hata kama wanaofanikiwa ni wachache. Steelhead wa Pasifiki, ndugu wa samoni, pia.

"Samoni ni samoni"

Mwaka 2022 Sockeye takriban milioni 79 walirudi Bristol Bay, idadi kubwa kuliko zote zilizowahi kurekodiwa huko. Mwaka 1992, katika ziwa la Redfish Lake, Idaho, alirudi Sockeye mmoja tu. Spishi ni ileile.

Hakuna samaki wa Alaska anayeweza kuziba pengo la Idaho. Yule wa Idaho husafiri kilomita 1,450 hivi na kupanda karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, bila kula tangu aingie kwenye maji yasiyo ya chumvi, akitegemea mafuta aliyoyaweka mwilini. Wakati wa kuondoka baharini, kiasi cha mafuta na uvumilivu wa moyo wake vimerithiwa kwa vizazi vingi vya waliofika. Hata ndani ya Bristol Bay yenyewe mazalio hayafanani. Mengine ni fukwe za maziwa, mengine vijito vyembamba, na mwaka ambao huku ni mbaya kule huwa afadhali, kama shamba la mkulima aliyechanganya mazao. Ndiyo maana mwanabiolojia husisitiza kuhesabu kila tawimto, hata lile lenye samaki 30, na wanaoshika bajeti humwona msumbufu.

"Wakipungua, tutotoleshe wengine"

Hii kwangu ndiyo dhana yenye madhara makubwa zaidi, kwa sababu ina sura ya huruma.

Kwenye kituo cha kutotolesha, mayai yanayopona ni mengi mno kuliko mtoni, na vifaranga hulishwa hadi wawe tayari kwenda baharini. Tatizo ni nani anayepona. Tangini hakuna mafuriko, hakuna ndege mla samaki, hakuna haja ya kutafuta chakula. Anayestawi ni anayeikimbilia haraka chakula kinachodondoka kutoka juu, na tabia hiyo mtoni huita kifo. Uchunguzi wa Steelhead wa Mto Hood, Oregon, uliochapishwa 2007, ulifuatilia uzazi kwa vinasaba na kukuta kwamba uwezo wa kuzaa mtoni ulishuka kwa karibu asilimia 40 kwa kila kizazi kilicholelewa kituoni. Samaki hao wakichangamana na wa asili, udhaifu huo huingia kwenye ukoo.

Ndiyo sababu samaki wengi wa vituoni hukatwa pezi dogo la mgongoni lililo karibu na mkia, na baadhi huchomekwa puani kipande cha waya chenye urefu wa milimita 1.1 kilichoandikwa namba. Mhesabuji anapokutana na samaki mwenye kovu pale pezi lilipokuwa, humwandika kwenye safu nyingine. Mto unaweza kujaa samaki huku wa asili wakiisha, na asiyetenganisha safu hizo mbili hataliona hilo.

Vituo vina mahali pake. Kati ya 1991 na 1998 Redfish Lake ilipata Sockeye 16 tu wa asili, na bila kuwachukua na kuwazalisha chini ya uangalizi wa karibu ukoo ule ungekwisha. Ilikuwa huduma ya dharura, na ilifanywa vizuri. Tatizo ni kuigeuza dharura kuwa desturi na kuuacha mto ukiwa mgonjwa.

"Mabwawa yana ngazi za samaki, kwa hiyo hakuna shida"

Kati ya Redfish Lake na bahari kuna mabwawa manane, na yote yana ngazi, yaani vidimbwi vilivyopangwa kama vidato ili samaki apande ukuta. Ngazi humsaidia samaki mkubwa anayepanda. Kifaranga anayeshuka ana shida nyingine: mkondo uliokuwa ukimsukuma hadi baharini umekuwa mlolongo wa maji yaliyotuama, yenye joto na samaki wanaokula wenzao, na kila ukuta una mitambo ya umeme. Joto huwaua hata wakubwa. Kiangazi cha 2015, maji ya Mto Columbia, ambao ndio njia yao, na matawi yake yalipopata joto lisilo la kawaida, takriban Sockeye 250,000 walikufa. Juu zaidi kwenye Columbia kuna bwawa la Grand Coulee, lililokamilika mwaka 1942 bila ngazi yoyote, na samoni wa sehemu ya juu ya mto wakafungiwa nje.

"Samoni hurudi alikozaliwa bila kukosea, kwa hiyo mto uliopoteza samaki wake umekwisha"

Nusu ya kwanza inakaribia ukweli. Arthur Hasler na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin waliwazoesha Coho wachanga harufu ya kemikali moja, wakawaachia katika Ziwa Michigan, na miaka ya baadaye samaki hao waliingia kwenye vijito vilivyodondoshewa kemikali hiyo. Pua huwaongoza hatua ya mwisho. Lakini katika kila kizazi wapo wachache wanaoingia mto mwingine, na hao ndio waliovijaza upya vijito baada ya barafu za kale kuyeyuka.

Mto Klamath, unaopita Oregon na California, umetoa ushahidi mpya. Mabwawa manne yaliondolewa, kazi ikikamilika 2024 baada ya makabila ya Yurok, Karuk na wengine kuipigania kwa miongo. Oktoba mwaka huohuo wanabiolojia waliwaona samoni wa aina ya Chinook upande wa Oregon, juu ya mahali palipokuwa na mabwawa, kwa mara ya kwanza kwa zaidi ya karne moja.

"Mwanabiolojia wa serikali ndiye mwenye neno la mwisho"

Huko Washington hana. Mwaka 1974 Jaji George Boldt aliamua kwamba mikataba ya miaka ya 1850 iliyapa makabila yaliyotia saini haki ya kuvua hadi nusu ya samaki wanaoruhusiwa kuvuliwa, na kwamba yana haki ya kushiriki katika usimamizi. Mwaka 1979 Mahakama ya Juu ya Marekani iliunga mkono sehemu kubwa ya uamuzi huo. Tangu hapo makabila yameajiri wanabiolojia wao, wanaotembea vijito vilevile na kuketi meza moja na wa jimbo kabla ya msimu wa uvuvi kufunguliwa. Makadirio yao yasipolingana, pande zote mbili hufungua daftari zao na kuonyeshana jinsi kila idadi ilivyopatikana: siku gani, kijito gani, maji yalikuwaje, na nani alihesabu.