Auschwitz lilikuwa jina la mji kabla halijawa jina la kambi

Uliza watu kijiweni Auschwitz iko wapi, wengi watakwambia Ujerumani bila hata kufikiri, maana jina lenyewe ni la Kijerumani na waliofanya unyama ule wa kuua Wayahudi na wengine kwenye kambi ya hapo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia walikuwa Wajerumani. Sasa fungua ramani uitafute. Inakupeleka Poland, kusini kule, kama kilomita 60 hivi magharibi ya Kraków, pale mto Soła unapomwaga maji kwenye mto Wisła, na ukivuta ramani karibu mji ulioandikwa pale siyo Auschwitz, ni Oświęcim. Hapo ndo mtu anaanza kujiuliza kama amekosea njia.

Hujakosea, ni mji mmoja. Zile alama juu na chini ya herufi zisikutishe, wenyewe wanatamka kama "Oshfienchim" na Wajerumani wanasema "Aushvits", yatamke yote mawili harakaharaka utasikia ni jina moja limepita kwenye midomo miwili tofauti. Tuliozoea ramani za zamani za koloni la Wajerumani huku kwetu tunaujua huu mchezo, waliandika Moschi, Muansa, Bagamojo, yaani jina lako limebaki ila spelling ni yao, na hiyo ni tofauti kabisa na Lushoto ambayo waliipachika jina jipya Wilhelmstal. Auschwitz iko kundi la Moschi. Wanazi nao walikuwa na kundi la Wilhelmstal, mfano mji mkubwa wa Łódź waliubatiza Litzmannstadt mwaka 1940, jina la jenerali wao.

Kwa hiyo ile habari kwamba Hitler ndo alitunga jina Auschwitz siyo kweli, jina hilo lina mamia ya miaka. Zamani mji ulikuwa makao ya himaya ndogo ya mtemi, mwaka 1457 mtemi akaiuza himaya yake kwa mfalme wa Poland (ndiyo, aliiuza, kwa pesa), halafu mwaka 1772 majirani walipoanza kuigawana Poland kama mkate, kipande hiki kikaangukia kwa Austria na kikakaa huko mpaka 1918. Muda wote huo kwenye makaratasi ya serikali ya Austria yaliyoandikwa kwa Kijerumani unakuta Auschwitz, na hata Kaizari Franz Joseph kwenye ule mlolongo wake mrefu wa vyeo alikuwa pia mtemi wa Auschwitz na Zator. Wayahudi wa hapohapo nao walikuwa na la kwao kwa lugha yao ya Kiyidi, Oshpitzin. Na hawakuwa wachache, kabla ya vita zaidi ya nusu ya wakazi wa mji walikuwa Wayahudi, wana masinagogi yao, maduka yao, na kuna familia ya Haberfeld ilikuwa na kiwanda cha vodka kilichojulikana. Mji wa kawaida tu wenye reli.

Ile reli ndo ikawaponza. Ujerumani ilivamia Poland Septemba 1939, na eneo hili hawakuishia kulikalia tu, walilimega wakaliunganisha na nchi yao moja kwa moja, jina Auschwitz likawa ndo rasmi. Kraków pale jirani ilibaki upande mwingine, kwenye eneo walilolikalia tu bila kuliunganisha na nchi yao, wakaliita Generalgouvernement. Ndo maana yule wa kijiweni anayesema Ujerumani hajakosea kwa asilimia mia, kwa ramani ya Wanazi ya 1940 mji ulikuwa ndani ya Ujerumani, ila ni ramani ya mwizi.

Mwaka 1940 SS, kile kikosi cha Wanazi kilichosimamia kambi, walikuwa wanatafuta pa kuweka wafungwa wa Kipoland maana magereza yalishajaa, na hapo mjini, ng'ambo ya Soła, mtaa wa Zasole, kulikuwa na majengo ya matofali yaliyokuwa kambi ya jeshi la Poland, yako tu, na treni zinafika kutoka kila upande. Tarehe 14 Juni 1940 likaingia kundi la wafungwa 728 kutoka Tarnów, wengi vijana wa Kipoland. Kambi ikaitwa kwa jina la mji, kama ambavyo gereza lolote linaitwa kwa mahali lilipo, basi. Hiyo ndo Auschwitz ya kwanza, yenye lile geti la maandishi ya "kazi inakuweka huru" kwa Kijerumani. Ukiangalia picha kwa makini herufi B imekaa kama imegeuzwa, tumbo kubwa liko juu, na lile bango walilifua wafungwa wenyewe.

Lakini sehemu ambayo watu wengi waliuawa siyo hiyo, iko kama kilomita 3 kutoka hapo, kwenye kijiji cha Brzezinka. Brzezinka kwa Kipoland ni kijisitu cha miti fulani ya Ulaya yenye gome jeupe, na safari hii Wajerumani hawakupindisha matamshi, walibeba maana wakaita Birkenau, ni mti uleule. Wanakijiji walifukuzwa 1941, nyumba zao zikabomolewa, matofali yakaenda kujengea kambi. Nyumba mbili za wakulima ziliachwa zimesimama. Mwaka 1942 zikazibwa madirisha zikafanywa vyumba vya gesi, wafungwa wakaziita nyumba nyekundu na nyumba nyeupe kwa rangi zake, yale majengo makubwa ya kuchomea maiti yalikuja 1943. Kulikuwa na ya tatu pia, Monowitz, kutoka kijiji cha Monowice, ambako wafungwa walitumikishwa kwenye kiwanda cha kampuni ya IG Farben. Kwa hiyo mtu akisema Auschwitz muulize ipi, ya mjini, ya Birkenau, au vyote kwa pamoja.

Kwa pamoja walipelekwa huko watu kama milioni 1.3, wakafa kama milioni 1.1, karibu milioni moja kati yao Wayahudi, hao wengine waliokufa ni Wapoland, Waroma (siyo watu wa Roma, ni jamii ya Ulaya ambayo Waingereza huiita Gypsy), wafungwa wa kivita wa Kisovieti na wengine. Jeshi la Kisovieti lilipofika 27 Januari 1945 lilikuta watu kama 7,000 tu.

Na hili neno kambi kwa Kiswahili linanisumbua kidogo, maana kwetu hata timu ya mpira inaingia kambini. Hata Wapoland maelfu walioletwa Tengeru pale Arusha miaka hiyohiyo ya vita walikaa kambini, ila ile ilikuwa ya wakimbizi, ina shule na kanisa. Ndo maana watu huongeza "ya mateso", na hiyo inafaa kwa kambi za kufungia na kutumikisha watu kama Dachau. Birkenau ilizidi hapo, wengi waliteremka kwenye treni wakapelekwa kwenye gesi siku hiyohiyo bila hata kuandikwa majina, hiyo ni kambi ya maangamizi. Auschwitz ilikuwa vyote viwili.

Wapoland wenyewe hili la majina hawalichukulii poa. Vyombo vya habari vya nje vilikuwa vinaandika "kambi za Kipoland" kwa maana ya mahali zilipo, wao wanasikia wanashitakiwa, wakaomba UNESCO, na mwaka 2007 jina kwenye orodha ya urithi wa dunia likabadilishwa, likataja waziwazi kwamba ni kambi ya Wanazi wa Ujerumani, 1940 hadi 1945. Siku hizi Auschwitz ni kambi na makumbusho yake, mji ni Oświęcim. Ukiwa stesheni ya Kraków unatafuta treni usipoteze muda kutafuta Auschwitz kwenye ubao, na timu yao ya mpira wa magongo wa kwenye barafu inaitwa Unia Oświęcim, hata mashabiki wa upinzani wanaijua kwa jina hilo.