Andiko la kifaa cha kunusa sumu lianze na askari wa zimamoto

Tarehe 20 Machi 1995, mnamo saa 2 asubuhi, abiria wa treni za chini ya ardhi jijini Tokyo walianza kukohoa, kutokwa machozi na kuona giza. Wafuasi wa dhehebu la Aum Shinrikyo walikuwa wametoboa mifuko ya sarini, sumu inayoshambulia neva, ndani ya mabehewa. Taarifa ya kwanza iliyotoka zimamoto kwenda hospitalini ilitaja kemikali nyingine kabisa, asetonitraili. Ilikaribia saa 5 ndipo ikajulikana kuwa ni sarini. Muda huo wote madaktari wa Hospitali ya St. Luke's walihudumia mamia ya watu wakitegemea dalili tu, hasa mboni za macho zilizosinyaa zikawa kama tundu la sindano. Baadhi ya wahudumu nao walidhurika kwa mvuke ulionasa kwenye nguo za wagonjwa.

Huwa nasimulia kisa hiki kila watafiti wanaponiletea andiko la kuomba ruzuku ya kifaa cha kutambua kemikali hatari. Wengi huanza na kihisi chao: kimetengenezwa kwa nini, kina wepesi gani wa kunasa molekuli. Mimi huwauliza swali moja. Askari wa zimamoto wa Tokyo aliyesimama mlangoni mwa kituo siku ile, mkononi ana kifaa chenu, angekiamini?

Swali hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Vifaa vingi vya mkononi huvuta hewa, huzipa molekuli chaji ya umeme, kisha huzikimbiza ndani ya mrija mfupi. Molekuli ndogo huwahi kufika mwisho, kubwa huchelewa, na tofauti hiyo ya milisekunde ndiyo inayotumika kukisia jina la kemikali. Shida ni kwamba manukato, dawa za kusafishia sakafu na moshi wa dizeli vinaweza kufika kwa muda unaokaribiana na wa sumu. Kengele inalia, watu wanakimbizwa nje, kumbe ni sabuni. Ikitokea mara ya tatu, askari anakizima kifaa, na hapo hata kihisi bora duniani hakina faida.

Mradi wa EU-SENSE, ulioanza 2018 kwa fedha za Umoja wa Ulaya, ulilishika tatizo hilo hilo. Kampuni ya ITTI ya Poland iliuratibu, ikiwa pamoja na washirika kama mashirika ya utafiti ya TNO ya Uholanzi na FFI ya Norway na chuo cha zimamoto cha Poland. Waliunganisha vihisi vya aina mbalimbali katika mtandao mmoja, wakaifundisha kompyuta kuitambua hewa ya kawaida ya mahali ili kengele za uongo zipungue. Kwa maoni yangu nguvu ya wazo lile ilikuwa hapo: tatizo lilitoka kwa mwenye kukibeba kifaa, majibu yakatafutwa na wengi.

Na wengi hao hawaepukiki. Mkataba wa Silaha za Kemikali, ulioanza kutumika 1997, umebana vikali utengenezaji wa sarini na jamaa zake, hata kwa utafiti. Maabara ya kawaida hujaribu kwa kemikali za kuigiza. Badala ya gesi ya haradali, sumu nyingine ya vita, kwa mfano, hutumika methili salisileti, ile inayonukia kwenye dawa za kuchua misuli. Ila kihisi kilichofaulu kwa kemikali ya kuigiza kinaweza kufeli kwa sumu yenyewe, kwa hiyo lazima apatikane mshirika mwenye maabara iliyoidhinishwa. Mshirika huyo hapatikani wiki mbili kabla ya wito wa kupokea maandiko kufungwa.

Upande wa fedha, mpango wa utafiti wa Umoja wa Ulaya uitwao Horizon Europe, wa 2021 hadi 2027, kwa kawaida hutaka walau taasisi tatu zinazojitegemea, kila moja na nchi yake, zote kutoka nchi za Umoja huo au zilizojiunga na mpango, na walau moja iwe ndani ya Umoja wenyewe. Miradi ya utafiti hulipiwa hadi asilimia 100 ya gharama za moja kwa moja, na juu yake asilimia 25 ya gharama hizo kwa ajili ya uendeshaji. Wapimaji hutoa alama 5 kwa ubora wa kisayansi, 5 kwa manufaa na 5 kwa utekelezaji. Chini ya 3 popote, au chini ya 10 kwa jumla, andiko limeanguka. Kwenye manufaa ndiko nimeona maandiko mazuri yakizama, kwa sababu zimamoto na polisi wametajwa kwa mstari mmoja tu, bila kazi wala bajeti.

Tanzania, Kenya na jirani zetu zimo katika orodha ya nchi zinazoweza kupokea fedha hizo, ingawa wito za usalama huweza kuweka masharti yake, na hayo yasomwe mapema. Wala ushirika wa namna hii si mgeni kwetu. Shirika la APOPO lilianza na ruzuku ya serikali ya Ubelgiji mwishoni mwa miaka ya 1990, likahamia Morogoro mwaka 2000, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Panyabuku waliofunzwa pale kunusa kilipuzi cha TNT wamesaidia kusafisha mabomu ya ardhini Msumbiji na Kambodia.

Kuna mlango mwingine ambao ningependa watafiti wetu waugonge. Viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti hushambulia kimeng'enya kile kile cha neva kinachoshambuliwa na sarini, na mkulima anayepuliza shamba bila barakoa anazivuta kemikali hizo msimu mzima. Kifaa kinachoweza kuzitambua katika stoo ya pembejeo yenye joto, vumbi na harufu ya mafuta ya taa kitakuwa kimepita mtihani ambao maabara nyingi za Ulaya haziwezi kuutunga. Mshirika anayeleta mtihani huo ana haki ya kukaa mezani tangu siku andiko linapoanza kuandikwa, na bajeti yake mkononi.