Mepo ya Kijapani: rangi iache iwe swali la mwisho

Kila Mei, wateja wakiingia kitaluni hapa Oregon, Marekani, wengi hukimbilia mepo nyekundu, mti wa mapambo wa bustani. Siwalaumu, majani machanga hupendeza kwa kila aina. Ila rangi ya Mei siyo ya Agosti. Kabla hawajatoa pesa huwauliza: jua la saa tisa alasiri linapiga wapi nyumbani kwako?

Kwao Japani mti huu, Acer palmatum, huota kwenye misitu chini ya miti mirefu kuliko wenyewe. Jua la asubuhi unalipenda, la mchana unalivumilia kwa shida. Ukiupanda kando ya ukuta unaotazama magharibi, ikifika Julai ncha za majani zinakauka kama karatasi iliyopitiwa na moto. Aina zenye majani ya mabaka meupe, mfano ‘Ukigumo’, ndizo za kwanza kuungua. ‘Bloodgood’ ni ngumu zaidi, ingawa kwenye kivuli kizito wekundu wake unafifia na kuelekea kijani.

Halafu umbo. ‘Bloodgood’ hupanda juu, mita 5 hivi na zaidi. ‘Crimson Queen’, ile yenye majani yaliyochanikachanika, haipandi sana. Hutanuka na matawi yake huinamia chini. Ukiiweka pembeni mwa njia ya mlangoni utakuwa unaikata kila mwaka, na umbo uliloligharamia linapotea. Anayetaka majani membamba namna hiyo kwenye mti uliosimama, nampa ‘Seiryu’.

Mimi ningenunua ‘Osakazuki’. Kiangazi chote ni kijani tu, watu wanaipita bila kuitazama. Subiri Oktoba: inawaka nyekundu ambayo sijaona aina nyingine ikiifikia. ‘Sango-kaku’ nayo ni ya majira ya baridi, majani yakishapukutika vijiti vyake vichanga vinabaki vyekundu. Lakini kwa mvua zetu za Machi na Aprili bakteria huishambulia, vijiti vinakuwa vyeusi kuanzia nchani. Ikate siku kavu za kiangazi.

Ukishachagua, chuchumaa uangalie shina karibu na udongo. Karibu aina zote hizi zimebebeshwa, yaani zimeungwa, juu ya mche wa mepo ya kawaida, na kovu la kiungo linaonekana. Kikichipua kitu chini ya kovu hilo, king’oe mapema. Hicho ni mche wa kawaida, una nguvu, na ukiuacha utaimeza aina uliyoilipia.

Wanaoniuliza kutoka Dar na Mombasa kama wanaweza kuupanda: hapana. Mti huu unahitaji miezi ya baridi ili ulale, na pwani hakuna baridi ya namna hiyo.

Kuhusu udongo, chimba shimo ujaze maji. Yakiwa bado yamesimama kesho yake, usipande hapo, mizizi itaoza. Inua tuta, au tumia chungu kikubwa chenye matundu.