Mafuta ya mimea na "kinga ya figo": maana yake hasa

Baadhi ya mafuta ya mimea husifiwa kuwa ni "kinga ya figo" dhidi ya madhara ya dawa. Dawa inayotibu ugonjwa mmoja inaweza kuumiza figo. Mfano unaofahamika sana ni jentamaisini, sindano ya antibiotiki ambayo watoto wachanga wenye maambukizi ya damu huchomwa pamoja na ampisilini. Mwili hauivunji dawa hii. Karibu yote hutoka kwenye mkojo kama ilivyoingia. Njiani, seli za mirija ya figo huinasa kiasi na kuilimbikiza. Ikizidi, ndani ya seli huzalishwa chembe kali za oksijeni zinazoharibu kuta zake, na seli hufa. Madhara huanza kujitokeza baada ya siku 5 hadi 7 za matibabu, tena kimyakimya, maana mgonjwa mara nyingi huendelea kukojoa kama kawaida. Kinachoyafichua ni kipimo cha kreatinini, taka ya mwili ambayo hupanda kwenye damu figo ikishindwa kuitoa.

Hapo ndipo mafuta tete yanapoingia. Haya ni mafuta yenye harufu kali yanayotolewa kwenye mmea kwa mvuke, kama yale ya makonyo na majani ya mikarafuu yanayotengenezwa kiwandani Wawi, Pemba. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni yujenoli. Kwenye mafuta tete ya habasoda kuna thaimokwinoni. Dutu hizi zina uwezo wa kuzituliza zile chembe kali, kwa hiyo watafiti walijiuliza: je, zinaweza kuilinda figo?

Majaribio mengi hufanana. Panya huchomwa jentamaisini, miligramu 80 au 100 kwa kila kilo ya uzito, kila siku kwa takriban wiki moja. Kundi jingine hupewa dawa hiyohiyo pamoja na mafuta, na aghalabu mafuta hutangulia. Kisha damu hupimwa na figo hutazamwa kwa hadubini. Panya waliopata mafuta wakionekana na kreatinini ya chini na mirija iliyoharibika kidogo, mafuta huitwa "kinga".

Neno hilo limebeba masharti mengi. Mtu mzima hupewa miligramu 5 hivi kwa kilo, na hata ukikumbuka kwamba mwili wa panya huondoa dawa upesi kuliko wetu, dozi ya maabara bado ni ya makusudi, ya kuumiza. Panya hao wana afya njema kabla ya jaribio. Mgonjwa wa wodini huenda ana homa kali, kisukari, au ameishiwa maji mwilini. Na mafuta kutangulia dawa si sawa na kuiponya figo iliyokwisha kuumia, jambo ambalo wauzaji mitandaoni hulipita kwa mwendo wa kasi.

Kwa sisiplatini, dawa ya saratani ambayo nayo huumiza figo, kuna swali gumu zaidi: kitu kinachoilinda seli ya figo kisije kikailinda na seli ya saratani. Ndiyo maana hospitalini wanategemea dripu ya maji ya chumvi kabla na baada ya dawa, mara nyingi na magnesiamu ndani yake. Kwa jentamaisini, kinga iliyothibitika ni kufupisha siku za sindano, kupima kreatinini, na kutoichanganya ovyo na dawa za maumivu kama daiklofenaki, ambazo hupunguza damu inayofika kwenye figo.

Halafu kuna chupa yenyewe. Mafuta ya habasoda ya dukani kwa kawaida ni ya kukamua, si yale ya mvuke, na thaimokwinoni iliyomo ni kidogo na hutofautiana chupa kwa chupa. Mafuta halisi ya karafuu nayo si ya kunywa kwa kijiko: katika kisa kimoja kilichoandikwa na madaktari, mtoto wa miaka 2 aliyekunywa kati ya mililita 5 na 10 alipoteza fahamu na ini lake likaumia vibaya. Anayetumia sindano hizi na anataka kuongeza mafuta yoyote amwambie daktari kwanza, na aulize kreatinini yake imesomeka ngapi.