Je, wajua? Saratani ya damu na ya ngozi kwa mgonjwa mmoja huenda hazijuani

Mtu ana lukemia sugu ya limfositi, saratani ya seli B (aina mojawapo ya limfositi, yaani seli nyeupe za kinga) inayokaa katika damu na uboho. Miaka inapita, kisha mabaka yenye magamba yanamtoka kiunoni. Kipande cha ngozi kinapopimwa, ni limfoma, nayo saratani ya limfositi. Je, lukemia imehamia ngozini?

Kwa muda mrefu ningejibu ndiyo bila kusita. Limfositi ni limfositi, damu hufika kila mahali, basi kilichozuka ngozini kimetoka humo. Kosa hili lina udhuru, maana seli za lukemia kweli huweza kupenya ngozi. Ila nililisoma neno "limfositi" kama jina la mtu, kumbe ni la ukoo. Seli B huzaa kingamwili. Seli T huua seli zilizoambukizwa au huamrisha kinga nyingine. Na limfoma ya ngozi iliyo maarufu kuliko zote, mikosisi fungoidesi, ni ya seli T. (Jina lenyewe ni kosa jingine: daktari Mfaransa Jean-Louis Alibert, karne ya 19, aliona uvimbe unaofanana na uyoga. Kuvu haimo.)

Undugu wa seli hujulikanaje? Fikiria mtunga shanga mwenye mafungu matatu. Kutoka kila fungu anachukua shanga moja tu, anaziunga, na kwenye viungio anapachika chembe ndogo ndogo kwa kubahatisha. Kila limfositi changa hufanya hivyo kwa vipande vya jeni zake, seli B kwenye jeni za kingamwili, seli T kwenye jeni za kipokezi chake, protini ya juu ya seli inayotambua adui. Susumu Tonegawa alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1987 kwa kugundua jambo hili upande wa kingamwili. Seli ikigeuka saratani, wazao wake wote hurithi mtungo ule ule. Damu ikionyesha mtungo mmoja wa seli B, na ngozi mtungo mmoja wa seli T, hizo ni saratani mbili.

Mtungo peke yake hautoshi, kwa kuwa baadhi ya saratani za seli B hutunga pia shanga za seli T. Protini za juu ya seli nazo hupimwa, na hapo pana kioja: seli za lukemia hii, ambazo ni B, kwa kawaida huvaa CD5, alama ya seli T.

Kwa nini zikutane? Lukemia hii hudhoofisha kinga, na wenye nayo hupata saratani nyingine, hasa za ngozi, kuliko watu wengine. Lakini jozi hii ni adimu, na ushahidi mwingi ni taarifa za mgonjwa mmoja mmoja. Huenda ni sadfa ya uzee. Huenda pia ngozi ya mtu anayeonana na daktari mara kwa mara hukaguliwa zaidi.

Kwenye matibabu kila moja hushika njia yake: ya ngozi ikiwa changa yaweza kutibiwa kwa mwanga wa urujuanimno, huku ya damu ikifuatiliwa tu bila dawa.