Joto la Magadi na ile nambari ya kwenye simu

Ikishapita Mwaka Mpya, maswali ninayoulizwa mimi mtabiri wa hali ya hewa hubadilika. Oktoba na Novemba ni mvua tu: itaanza lini, itakatika lini. Januari ni joto, na wengi wanaouliza hawaishi Nairobi. Ni madereva wa malori wanaoshuka Magadi, ni wafugaji wa upande wa Shompole na Olkiramatian wanaopigia hesabu nyasi na maji, na ni mama mmoja mwenye duka pale Magadi mjini ambaye hunitumia ujumbe wa sauti. Wa juzi ulikuwa mfupi: "Kaka, simu yasema thelathini na moja. Huku kuku wanahema midomo wazi. Hiyo thelathini na moja ni ya wapi?"

Si ya Magadi. Na kwa kuwa wanaoishi katika miji midogo ya mabondeni na milimani wengi wanasoma utabiri uliokokotolewa kwa ajili ya mahali pengine, acha nieleze unavyotengenezwa na jinsi mtu anavyoweza kuurekebisha mwenyewe.

Tuanze na mwinuko. Kwetu sisi tunaoishi jirani na ikweta, mwinuko ndio unaoamua joto la mahali kuliko hata mwezi wa mwaka. Makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa yako Dagoretti Corner, kando ya Barabara ya Ngong, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Magadi iko kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, mita kama 600 tu. Aliyewahi kuisafiri barabara ile anaijua tofauti hiyo mwilini. Ukitoka Kiserian unapanda mpaka Corner Baridi, ambapo hata Februari asubuhi utalitafuta koti. Kisha unaanza kuteremka: Olepolos, Kisamis, Olorgesailie. Kila ukishuka ngazi moja ya bonde unavua nguo moja, na ukifika ziwani umebaki na shati lililolowa mgongoni.

Kwa wastani hewa hupoa kwa nyuzi 6.5 za selsiasi kwa kila kilomita moja unayopanda, na ukishuka huongezeka kwa kiasi hicho hicho. Lakini hewa kavu inayoporomoka kutoka mlimani hupata joto zaidi, karibu nyuzi 10 kwa kilomita, kwa sababu inaposhuka hugandamizwa na hewa iliyo juu yake. Aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono anajua jinsi kitako cha pampu kinavyochemka. Sasa piga hesabu. Dagoretti mchana wa Februari ni nyuzi 27. Kutoka hapo hadi Magadi ni kushuka mita 1,200. Kwa kipimo cha kwanza unaongeza karibu nyuzi 8, unapata 35. Kwa kipimo cha pili unaongeza 12, unapata 39. Siku ya kiangazi yenye jua la kutosha, jibu la kweli mara nyingi huangukia baina ya hizo mbili. Hesabu hii haihitaji intaneti, na mimi huiamini kuliko programu nyingi za simu.

Basi 31 imetoka wapi? Kompyuta zinazokokotoa hali ya hewa ya dunia hazimtazami mtu mmoja dukani kwake. Huigawa dunia katika miraba, na kila mraba hupewa joto moja, upepo mmoja, mwinuko mmoja. Hesabu hizo za kompyuta huitwa modeli. Data za modeli ya Marekani zinazotumiwa na programu nyingi za bure huja katika miraba yenye upana wa kilomita 28 hivi. Ile ya kituo cha Ulaya ni nzuri zaidi, kilomita 9. Chora mraba wa kilomita 28 juu ya Ziwa Magadi uone unameza nini: ziwa lenyewe, mabonde na matuta ya mawe, na ukiusogeza kidogo magharibi unagusa ukuta wa Nguruman unaopanda mamia ya mita juu ya bonde. Kompyuta inachukua wastani wa vyote. Tuseme wastani huo ni mita 1,000. Kwa modeli, basi, mji wa Magadi umening'inia mita 400 hewani, juu ya mahali ulipo, na kwa mita hizo 400 unapunguziwa nyuzi 2.6. Programu nzuri hujaribu kusahihisha jambo hili. Nyingine hazijisumbui, na zipo zinazokuletea vipimo vya kituo kilicho karibu zaidi, hata kama hicho cha karibu ni cha uwanja wa ndege wa Nairobi.

Kuna jambo la pili, nalo linahusu kipimo chenyewe. Joto tunalolitangaza ni la hewa, kivulini. Kipimajoto hukaa ndani ya kibanda cheupe chenye mbao za kupitisha upepo, kati ya mita 1.25 na mita 2 juu ya ardhi, jua lisikifikie. Mtu anayevuka uwanja saa nane mchana hayuko ndani ya kibanda. Na Magadi ina jambo ambalo miji mingine ya bonde haina: ziwa lililofunikwa na tabaka jeupe la magadi. Tabaka hilo hurudisha mwanga mwingi wa jua, kwa hiyo wanaofanya kazi ukingoni mwa ziwa hupigwa na jua kutoka juu na kutoka chini kwa pamoja. Kofia pana inakusitiri utosi, lakini kidevu na chini ya macho vinaungua. Ndiyo maana nikisema 37 na mtu akanijibu "hapa ni zaidi ya arobaini", sibishani naye. Tunapima vitu viwili tofauti.

Ukavu nao hudanganya. Januari na Februari upepo wetu hutoka kaskazini-mashariki, ukiwa umepita juu ya nchi kavu za Uarabuni na Pembe ya Afrika, nao hufika kwetu na unyevu kidogo. Ukanda wa mvua, pale pepo za kaskazini na za kusini zinapokutana, unakuwa umelifuata jua kusini, huko Zambia, Malawi na Msumbiji. Hewa kavu hukausha jasho kabla hujalihisi. Pwani mtu hutota akajua anapoteza maji. Magadi ngozi hubaki kavu, na dalili ya kwanza ni kichwa kuuma au mkojo kuwa wa rangi nzito. Wazee na watoto wachanga ndio wa kuchungwa zaidi, na madereva wanaolala ndani ya lori lililofungwa vioo.

Ningependa pia watu waache kuitazama nambari ya mchana peke yake. Ukinipa nafasi ya kuuliza swali moja kuhusu mahali, nitauliza usiku pakoje. Nairobi kiangazi mchana unaweza kulalamika, lakini anga ikiwa wazi na hewa kavu, ardhi huutema ule moto haraka, na alfajiri unajikuta kwenye nyuzi 13 au 14. Mwili umepumzika. Magadi haishuki hivyo. Mawe ya bonde huachilia joto lake polepole, mwinuko ni mdogo, na usiku unaweza kupita wote bila kwenda chini ya 20. Siku tatu au nne za namna hiyo mfululizo humchosha mtu kuliko mchana mmoja wa nyuzi 39. Mbuzi hali kadhalika: hupunguza malisho mchana, na kama usiku nao haujapoa hawafidii. Mfugaji huliona kwenye maziwa kabla yangu.

Kuna ishara moja ya usiku ninayowaomba walio bondeni waifuatilie. Mwishoni mwa Februari, ukiona mawingu mepesi ya juu yanatanda jioni na usiku unakuwa wa joto kuliko kawaida, huku joto la mchana halijaongezeka, unyevu umeanza kurudi. Mawingu hufunika joto la ardhi lisitoroke. Jua lenyewe wakati huo linapanda kurudi kaskazini, na katikati ya Machi huwa wima juu ya Magadi na Nairobi. Mvua hulifuata kwa nyuma, ndiyo maana kipindi kibaya kabisa huwa pale jua limeshafika na mawingu bado hayajafika.

Na hapo ndipo kazi yetu inapokuwa ngumu, kwa sababu ya vimbunga vya Bahari ya Hindi. Kimbunga hakiji Kenya. Tuko karibu mno na ikweta, ambapo mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kukisokota. Lakini kikikaa jirani na Madagascar au Msumbiji hutugeuzia pepo, na pa kukitazama ni pale kilipokaa. Machi 2018, vimbunga Dumazile na Eliakim vilikuwa upande wa Madagascar, na pepo zikageuka zikavuma kutoka magharibi, kutoka bonde la Kongo, zikiwa zimejaa maji. Masika ya mwaka huo yaliingia kwa kishindo. Mwaka uliofuata, kimbunga Idai kilikaa kwenye mlango wa bahari wa Msumbiji kisha kikaipiga Beira usiku wa kuamkia Machi 15. Unyevu ulivutwa huko, nasi tukabaki na anga tupu. Masika ya 2019 yakachelewa sana, na wafugaji wa Kajiado waliokwisha kuhama kwa matumaini ya mvua walikuta vumbi. Kwa hiyo ukisikia habari za kimbunga Februari au Machi, usiharakishe kushangilia wala kukata tamaa. Angalia ramani kwanza: kikiwa mashariki ya Madagascar, kuna matumaini, kikiwa magharibi yake, kaza mkanda.

Utabiri wa msimu, ule unaotolewa na Idara pamoja na kituo cha hali ya hewa cha IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, kilichoko Ngong, nao una namna yake ya kusomwa. Ukiambiwa kuna uwezekano wa asilimia 45 wa mvua kupita wastani, wengi husikia "mvua itakuwa nyingi". Maana yake ni hii: huchukuliwa rekodi za miaka 30, hupangwa kuanzia mwaka mkavu hadi wenye mvua nyingi, kisha hugawanywa mafungu matatu sawa. Bila utabiri wowote kila fungu lina theluthi moja, asilimia 33. Kufika 45 ni kuegemea upande mmoja. Bado asilimia 55 iko kwenye mafungu mengine mawili. Mwenye ng'ombe kumi hapaswi kuuza wala kununua kwa sababu ya 45 peke yake.

Utabiri wa mji mdogo ukiandikwa inavyostahili ungekuwa na sura hii, kwa mfano kwa juma la katikati ya Februari: Magadi mjini, asubuhi anga wazi na upepo hafifu; mchana jua kali, mawingu mapandemapande baada ya saa nane; joto la juu nyuzi 36 hadi 38 karibu saa tisa alasiri, la chini 23 hadi 25 kabla ya jua kuchomoza; chamchela za vumbi alasiri kwenye maeneo yaliyo wazi; mvua, uwezekano mdogo, ila ikinyesha kwenye vilima vya Ngong makorongo ya barabarani yanaweza kujaa hata kama mjini kukavu. Hilo la mwisho halimo kwenye programu yoyote ya simu niliyoiona, na ndilo linalohatarisha maisha ya madereva kuliko joto. Maji hushuka na giza la jioni, na aliye Oltepesi, huko chini kwenye barabara hiyo ya Magadi, hajaona hata wingu.

Mvua ya kwanza ya Machi ikinyesha, msiipe jina la masika siku hiyo hiyo. Kigezo kinachotumika sana katika ukanda wetu ni milimita 20 ndani ya siku tatu, kisha katika wiki tatu zinazofuata kusipite siku saba mfululizo za ukavu. Wakulima wa Nguruman wana mifereji inayoleta maji kutoka mlimani, wanaweza kusubiri. Anayetegemea anga hana fursa hiyo, na mbegu iliyooza kwa kudanganywa na mvua ya siku mbili haimrudishii fedha zake.

Kupima milimita hizo hakuhitaji kifaa cha bei. Chukua mkebe wenye kuta zilizonyooka, uuweke mahali wazi mbali na paa na mti, na kila asubuhi saa tatu uingize rula uone kina cha maji; kina cha milimita 12 ni mvua ya milimita 12, uwe mkebe mpana au mwembamba. Andika tarehe, kisha umwage. Vituo vya bonde zima ni vichache mno, na daftari la mwenye duka lililoandikwa msimu mzima linanisaidia kusahihisha modeli kuliko picha kumi za satelaiti. Aliye nalo anitumie, hata kama kurasa nyingi zimeandikwa sufuri.